Takwimu za Wanafunzi katika Shule Ndogo ya Kata: Jinsi ya Kuzikusanya, Kuzisoma na Kuzitumia

Muulize mkuu wa shule ana wanafunzi wangapi, atakujibu kwa namba moja. Tuseme 240. Namba hiyo ndiyo iliyobandikwa ofisini, ndiyo iliyokwenda halmashauri, na ndiyo itakayosomwa kwenye risala ya mahafali. Ni ya kweli, ila haikusaidii kuamua jambo lolote. Haikuambii wangapi walipangiwa shule hiyo wakaishia kwenye karatasi, wangapi wa Kidato cha Pili wanakariri, wangapi wamepanga vyumba mtaani kwa sababu kwao ni mbali, wala kama Januari ijayo madawati yatatosha.

Mwongozo huu nimewaandikia mwalimu wa takwimu, mkuu wa shule, mjumbe wa bodi, diwani na mzazi anayetaka kuijua shule ya kata yake kwa undani. Nazungumzia sekondari ndogo za serikali za kutwa Tanzania Bara, zile ambazo nyingi zilijengwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanzia mwaka 2004, zenye mkondo mmoja, miwili au mitatu kwa kidato. Aliyeko Kenya, ambako wanafunzi wamekuwa wakipewa namba ya UPI (namba ya pekee ya kila mwanafunzi) kupitia mfumo wa taarifa za elimu wa NEMIS, atakuta majina tofauti ya fomu, lakini kazi yenyewe haitofautiani sana.

Shule ndogo haina kompyuta nyingi wala karani wa takwimu, ila ina nafasi ambayo shule ya wanafunzi 2,000 haina: inaweza kuhesabu kwa majina. Ndiyo njia nitakayoifuata hapa. Badala ya kuikimbiza jumla ya shule, tunashika kundi moja lililoanza Kidato cha Kwanza na kulifuata mtu kwa mtu hadi chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne.

Kwanza amua unahesabu nini, na kwa siku gani

Ugomvi mwingi wa takwimu shuleni hutokana na watu wawili kuhesabu vitu viwili tofauti. Mmoja amehesabu waliomo kwenye daftari la uandikishaji, mwingine waliokaa darasani asubuhi hiyo. Wote wako sahihi, na hawatakubaliana hadi jioni.

Tenga makundi manne na uyaandike juu ya karatasi yako kabla ya kuanza. Waliopangwa ni wale ambao majina yao yametoka kwenye orodha ya TAMISEMI ya waliochaguliwa kujiunga Kidato cha Kwanza. Walioripoti ni wale waliofika wakaandikishwa na kupewa namba ya usajili. Walioko ni wale walioandikishwa ambao hawajahama, hawajafutwa, hawajafariki. Wanaohudhuria ni wale unaowaona kwa macho siku ya kuhesabu. Ukisema tu "wanafunzi wetu" bila kutaja kundi, umeshaharibu kazi.

Kisha chagua tarehe. Sensa ya elimu ya kila mwaka, ile ya fomu za takwimu za shule ziitwazo TSM, huchukua hali ya shule ya mwezi Machi. Ni busara tarehe yako iwe hiyohiyo ili hesabu zako zilinganishwe na za halmashauri. Kuna sababu nyingine: Januari wanafunzi wa Kidato cha Kwanza bado wanafika mmoja mmoja, mzazi anauza mahindi kwanza ndipo anunue sare na daftari. Anayehesabu wiki ya pili ya Januari atapata idadi ndogo kuliko hali halisi, na anayehesabu Novemba atapata shule isiyo na Kidato cha Nne.

Vitabu vya kuweka mezani

Leta daftari la uandikishaji, madaftari ya mahudhurio ya kila mkondo, orodha ya waliopangwa kwa miaka minne iliyopita, faili la uhamisho (wa kuingia na wa kutoka), daftari la utoro lenye nakala za barua zilizokwenda kwa mtendaji wa kata, na orodha za watahiniwa waliosajiliwa Baraza la Mitihani kwa Kidato cha Pili na cha Nne. Kama taarifa za shule zimeingizwa kwenye SIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za shule, chapisha orodha yake pia, lakini usianzie hapo. Mfumo unajua kile ulichoulisha.

Daftari la mahudhurio linahitaji jicho. Alama za kuwepo zinazowekwa kila asubuhi hazifanani: kalamu hubadilika, mkono hubadilika, siku ya mvua ina mapengo mengi. Ukikuta ukurasa wenye alama za wiki nzima zilizonyooka kama uzi, wino mmoja, hakuna aliyechelewa wala aliyeugua, jua umejazwa Ijumaa mchana. Usimgombeze mwalimu wa darasa mbele ya wenzake. Usiutumie tu ukurasa huo kama ushahidi wa kitu chochote.

Orodha ya waliopangwa ndiyo inayopotea zaidi, kwa sababu ikishapita Februari hakuna anayeihitaji. Ihifadhi. Bila hiyo hutaweza kujua wangapi hawakufika kabisa, na baadaye utaona kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Kuhesabu vichwa

Chagua siku ya kawaida katikati ya wiki. Usihesabu siku ya gulio au mnada, siku ya mazishi ya mtu mashuhuri kijijini, wala wiki ya kwanza ya mvua za kupandia. Usihesabu mstarini asubuhi, kwa kuwa wanaotembea kilomita nyingi bado wako njiani. Subiri kipindi cha tatu. Ingia kila darasa ukiwa na orodha ya majina, ita jina, mtu anyooshe mkono, weka alama. Kuhesabu vichwa bila majina kunakupa jumla tu, na jumla tayari unayo.

Rudia wiki inayofuata siku nyingine. Asiyekuwepo mara zote mbili, muulize mwalimu wa darasa na monita. Monita ndiye anayejua. Atakwambia huyu yuko machimboni, huyu ameolewa, huyu anaumwa, na huyu alihamia mjini kwa shangazi yake tangu Agosti ila baba hajafuata uhamisho. Andika ulichoambiwa kwa penseli hadi kithibitishwe.

Kwa nini usumbuke hivyo? Ruzuku ya uendeshaji hukokotolewa kwa kichwa. Kwa sekondari kiwango kilichowekwa ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikibaki kwa ajili ya vitabu. Jina lisilo na mtu ni fedha isiyo na maelezo. Mwaka 2016, baada ya elimu bila malipo kuanza chini ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, Serikali ilifanya uhakiki wa wanafunzi hewa nchi nzima, na wakuu wa shule wengi walitakiwa kujieleza. Si wote walikuwa wezi. Wengine walikuwa na watoto walioondoka bila kufutwa daftarini. Lakini karatasi haitofautishi.

Mtu mmoja, mstari mmoja

Sasa tengeneza orodha kuu. Kompyuta ikiwepo tumia Excel, isipokuwepo daftari kubwa la mistari linatosha kwa wanafunzi 240. Kila mwanafunzi awe na mstari wake, na safu hizi:

- namba ya usajili ya shule na namba ya PREM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi) aliyokuja nayo kutoka huko
- majina matatu kama yalivyo kwenye PREM
- jinsi (ME au KE) na tarehe ya kuzaliwa
- mwaka alioanza Kidato cha Kwanza, na kidato alichopo sasa
- shule ya msingi aliyotoka
- kijiji au kitongoji cha nyumbani, na mahali anapolala siku za shule
- anaishi na nani
- hitaji maalumu, kama lipo
- hali: yupo, amehama, amehamia, anakariri, mtoro, amerejea, amefariki, na tarehe yake

Majina yana kazi yake. Mtoto ameitwa Neema Paulo msingi, cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Paul, na yeye mwenyewe ameandika Neema P. Masanja kwenye daftari lake. Ukiacha hivyo, siku ya kusajili watahiniwa wa Kidato cha Pili atakuwa watu watatu au hatakuwepo kabisa. Fuata PREM, na kama kuna kosa lirekebishwe kwa utaratibu mapema, si Kidato cha Nne.

Safu ya mwaka alioanza ndiyo moyo wa orodha hii, na ndiyo isiyokuwepo kwenye fomu nyingi. Fomu huuliza yuko kidato gani. Huyo anayekariri Kidato cha Pili alianza mwaka mmoja kabla ya wenzake anaokaa nao. Usipoandika, atahesabiwa kana kwamba alianza nao.

Safu ya mahali anapolala wengi huiruka, na mimi ningeacha safu yoyote nyingine kabla ya hiyo. Kwenye shule za kutwa zinazohudumia vijiji vilivyotawanyika, kuna wanafunzi wanaopanga mageto: chumba kimoja cha udongo, wasichana wawili au watatu, jiko la mafiga, mfuko wa unga unaoletwa kila Jumapili. Kwenye fomu wanahesabiwa kama wanafunzi wa kutwa wanaotoka nyumbani, wakati kwa usalama na chakula wanaishi kama wa bweni wasio na matroni. Hesabu wako wangapi, kwa jinsi. Mkienda kuomba hosteli, namba hiyo ina nguvu kuliko risala yoyote.

Umri uhesabu kwa siku moja kwa wote, mfano tarehe 1 Januari. Rika lengwa la Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ni miaka 14 hadi 17. Weka makundi matatu tu: chini ya 14, 14 hadi 17, na 18 kuendelea. Wa 18 kuendelea waangalie kwa makini, kwani humo wamo waliochelewa kuanza shule, waliokariri, na waliorejea baada ya kukatisha masomo. Kundi hilo la mwisho limeruhusiwa rasmi na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, wakiwemo wasichana waliojifungua. Waandikie "amerejea", wasianzishiwe mstari mpya kana kwamba ni wageni.

Kabila halimo kwenye orodha yangu na lisiingizwe. Sensa ya watu nchini haijauliza kabila tangu ile ya 1967, na hakuna uamuzi wa shule unaolihitaji. Nalitaja hili kwa sababu kuna wanaonakili vielelezo vya takwimu za shule kutoka Marekani, ambako kila mwanafunzi hupangwa kwa asili yake, wakaleta safu hiyo huku bila kujiuliza itafanya kazi gani.

Kulifuata kundi

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua kundi lililoanza mwaka 2021 na kufanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2024. Namba zifuatazo ni za mfano tu, nimezipanga ili uone njia.

| Hatua | Idadi |
|---|---|
| Waliopangwa 2021 | 96 |
| Walioripoti 2021 | 82 |
| Kidato cha Pili 2022 | 78 |
| Kidato cha Tatu 2023 | 66 |
| Kidato cha Nne 2024, waliosajiliwa | 61 |
| Waliofanya mtihani | 58 |

Mwenye haraka atatoa 58 kwenye 82 na kutangaza kwamba shule imepoteza wanafunzi 24. Mwingine, mpinzani wa mkuu wa shule, ataanzia 96 na kusema 38. Wote wanasoma jedwali bila kufungua daftari.

Ukifungua daftari unakuta hivi. Kati ya 82, kabla ya Kidato cha Pili walihama 5 na 6 wakawa watoro; wakahamia 3 kutoka shule nyingine, na 4 wa kundi lililowatangulia wakabaki kukariri Kidato cha Pili pamoja nao. Ndiyo 78. Mwaka uliofuata 7 walikwama kwenye mtihani wa Kidato cha Pili wakakariri, 2 walihama, 4 wakawa watoro, na mmoja wa wale waliokuwa wakikariri aliondoka, wakahamia 2. Ndiyo 66. Kisha mmoja akahama, 4 wakawa watoro, wakabaki 61.

Kwa hiyo ndani ya 61 wamo 8 ambao hawakuanza na kundi: 5 waliohamia na 3 waliokariri. Walioanza 2021 na kufika Kidato cha Nne kwa wakati ni 53. Pungufu ni 29, na huo upungufu una sura tatu tofauti kabisa: 8 wako shule nyingine wanasoma, 7 wako hapahapa kidato cha nyuma, na 14 wameacha. Mdondoko wa kweli baada ya kuandikishwa ni 14 kati ya 82. Si 24, wala si 38. Lakini pia si kama halmashauri inavyoona, kwa sababu ukilinganisha 82 na 61 ya waliosajiliwa unapata 21, namba ambayo haielezi kitu chochote kilichotokea.

Rudi sasa juu kabisa ya jedwali. Waliopangwa 96, wakaripoti 82. Hao 14 ambao hawakuja ni wengi sawasawa na waliodondoka katika miaka yote iliyofuata, na hawamo kwenye daftari la utoro, wala hakuna barua iliyoandikwa kwa mtendaji. Hawakuwahi kuwa wanafunzi wa shule. Wamo walioenda shule binafsi, na hao ni salama. Wamo waliopangwa shule mbili kwa kuhama mkoa. Na wamo wale ambao safari yao ilikatikia kati ya matokeo ya Darasa la Saba na kununua sare. Chukua orodha ya waliopangwa mwaka huu, gawa kwa vijiji, mpe kila mwenyekiti wa kijiji majina yake. Katika wiki moja utajua kila mmoja yuko wapi, na baadhi bado wanarudishika kabla ya Machi kwisha.

Fuatilia pia wakati wa kuondoka kwa jinsi. Tuseme wale watoro 14 ni wavulana 8 na wasichana 6. Ukiishia hapo utasema tofauti ni ndogo. Panga kwa mwaka: kabla ya Kidato cha Pili wasichana 4 na wavulana 2, baadaye wasichana 2 na wavulana 6. Wasichana wanaondoka mapema, wavulana wanaondoka wakishakuwa na mabega ya kubeba magunia au leseni ya kuazima ya bodaboda. Haya ni matatizo mawili, yenye dawa mbili, kwa vidato viwili tofauti.

Sababu za kuacha nazo zisijazwe kivivu. Kwenye fomu kisanduku cha utoro ndicho hujaa, kwa kuwa hakimdhuru mtu kukijaza. Kwenye orodha yako andika kinachoeleweka: kilimo cha mpunga, kuchunga, kazi za ndani mjini, uvuvi, mimba, ugonjwa, chumba cha geto kukosa kodi. Mimba na ndoa zina upande wa sheria pia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, hivyo taarifa hiyo ina njia yake rasmi na haizungumzwi kienyeji kwenye kikao.

Kama huna ufunguo wa ofisi

Mzazi au mjumbe asiyeweza kufungua madaftari bado anaweza kupata picha ya nje. Tovuti ya Baraza la Mitihani hutoa matokeo kwa kila kituo, yakiwa na idadi ya watahiniwa kwa jinsi. Fungua matokeo ya Kidato cha Pili ya mwaka fulani, kisha ya Kidato cha Nne miaka miwili baadaye, uweke ukurasa mmoja kando ya mwingine. Ukiona wasichana 41 wakawa 27, una swali la kupeleka kwenye kikao cha wazazi. Ni swali tu. Uhamisho na kukariri havionekani huko, kwa hiyo usiende na hukumu.

Kumbuka pia kwamba Baraza limekuwa likitenga vituo vyenye watahiniwa 40 na zaidi na vile vyenye chini ya hapo. Shule iliyoshuka kutoka 43 hadi 38 hailinganishwi tena na walewale, na wengi husahau jambo hilo wanapopiga makofi au kulaumu.

Asilimia katika shule ndogo

Kundi likiwa chini ya watu 30, andika idadi, acha asilimia. Mkondo wenye wasichana 9 ukimpoteza mmoja, taarifa itasomeka kwamba wasichana wamepungua kwa asilimia 11, na mtu wa wilayani ataanza kutafuta janga. Mwakani akihamia mmoja, shule "imeimarika". Hakuna kilichobadilika zaidi ya baba mmoja kupata kazi mahali pengine. Ukitaka kuona mwelekeo, unganisha makundi matatu ya miaka mitatu, ndipo asilimia ipate maana.

Uwiano wa jinsi nao upimwe kwa kila kidato. Shule inaweza kuwa na wasichana wengi kuliko wavulana kwa jumla huku Kidato cha Nne wakiwa wachache, kwa sababu Kidato cha Kwanza kikubwa kinaifunika shule nzima.

Kutoka idadi kwenda vyumba, vyoo na walimu

Hii ni hesabu ya dakika chache. Kiwango cha darasa ni wanafunzi 40. Shule ya 240 kwa karatasi inahitaji vyumba 6, lakini hakuna anayefundisha Kidato cha Kwanza pamoja na cha Tatu. Kidato chenye 95 kinataka vyumba 3. Chenye 45 kinataka 2 au kibanane kimoja. Piga hesabu kidato kwa kidato na ujumlishe mwishoni.

Vyoo: tundu 1 kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Wasichana 128 wanahitaji matundu 7, wavulana 112 wanahitaji 5. Tundu lililojaa au lisilo na mlango usilihesabu. Kwa wasichana hasa, choo kisicho na mlango na maji hakipo.

Walimu ndio eneo ambapo wastani hudanganya kuliko pote. Walimu 12 kwa wanafunzi 240 ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 20, uwiano ambao shule za mjini zingeutamani. Kumbe 7 ni wa masomo ya sanaa, wa Fizikia hayupo, na wa Hisabati mmoja anabeba mikondo yote. Ukipeleka ikama, yaani hesabu ya walimu wanaohitajika, peleka kwa somo na kwa idadi ya mikondo, na usitaje ule uwiano wa jumla kabisa, maana utatumika kukunyima mwalimu.

Kukadiria Januari ijayo

Usikadirie kwa kuongeza asilimia kwenye idadi ya mwaka huu. Wanafunzi wako wa kesho tayari wapo, wako shule za msingi za jirani. Omba kwa Afisa Elimu Kata idadi ya Darasa la Saba, la Sita na la Tano kwa kila shule inayokulisha wanafunzi. Kisha angalia miaka mitatu iliyopita: katika kila watoto 100 wa Darasa la Saba wa shule hizo, wangapi waliripoti kwako? Kama ni kati ya 68 na 74, tumia 70. Darasa la Saba la 130 litakupa takribani 91. Andika pia kiwango cha chini na cha juu, 88 na 96, kwa sababu tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama wanaweza kubanana kwenye mikondo 2 au lazima iwe 3.

Shule mpya ikijengwa kata jirani, njia hii inavunjika mwaka huo. Tenga vijiji vitakavyokwenda huko ndipo upige hesabu upya.

Na kuna Januari 2028. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inafanya elimu ya msingi iwe ya miaka sita. Walioanza Darasa la Kwanza mwaka 2022 watamaliza la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao walioanza 2021 watamaliza la Saba. Makundi mawili yatabisha hodi sekondari kwa pamoja. Chukua majina ya madarasa hayo mawili katika shule zinazokulisha, yajumlishe, zidisha kwa kiwango chako. Kama kawaida yako ni 90, jiandae kwa namba inayokaribia mara mbili ya hiyo, na kundi hilo nene litapanda na shule yako hadi 2031. Vyumba havichimbuki kwa mwezi mmoja. Mkuu wa shule atakayeipeleka hesabu hii mapema kwenye kamati ya maendeleo ya kata akiwa na majina ya vijiji na idadi, atasikilizwa kabla ya yule atakayekuja Desemba 2027 akilalamika.

Kuandika taarifa na kulinda majina

Taarifa ya bodi isizidi kurasa mbili: jedwali la kundi lililomaliza, jedwali la walioko kwa kidato na jinsi, idadi ya wanaoishi mageto, mahitaji maalumu, pengo la vyumba, vyoo na walimu, na makadirio ya mwakani. Chini ya kila jedwali andika sentensi mbili za maelezo na tarehe ya hesabu.

Orodha yenye majina haibandikwi wala kusambazwa hadharani. Kwenye shule ndogo hata namba peke yake inaweza kumtaja mtu. Ukiandika "Kidato cha Tatu, KE, ualbino: 1" na kubandika ukutani, umeshamwonyesha kidole binti mmoja anayejulikana na kijiji kizima. Hali kadhalika "waliorejea baada ya kujifungua: 1". Kwa taarifa za hadharani, unganisha vidato vyote, au unganisha aina zote za mahitaji maalumu, hadi namba ifike angalau 5. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu shule pia, na picha ya daftari la utoro kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ni kosa hata kama aliyeituma alikuwa na nia njema.

Kabla ya kutuma SIS au kujaza TSM, kaa na mwalimu mwingine asiyeshiriki, asome majina na wewe uangalie mfumo. Kila tofauti iandikwe sababu yake. Halafu weka nakala tatu: ofisini, kwa Afisa Elimu Kata, na moja kwenye kabati la mwalimu wa takwimu pamoja na ukurasa unaoeleza ulivyohesabu, tarehe zipi, na majina yapi bado yako kwa penseli. Uhamisho wa walimu hutoka wakati wowote, na atakayepokea kabati hilo atahitaji kuanzia pale kwenye penseli.